Jumatano za Barafu: Watoto Wetu na Elimu ya Ncha za Dunia

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike kurasa chache juu ya klabu ya Jumatano inayofanyika baada ya skuli hapa Cardiff, ambayo mimi ni msaidizi wake, na ambayo watoto 5 wa jamaa zetu walihudhuria muhula uliopita. Nilitaka kukataa, maana mkono wangu si wa kuandika. Lakini humo lilitokea jambo lililonifunza mimi mtu mzima zaidi kuliko lilivyowafunza watoto, na nimeona si haki kulifungia kabatini. Atakayeona makosa anisamehe.

Kwanza nieleze nilivyoingia. Wakubwa mnaonijua mnakumbuka kuwa nilipofika mji huu mwaka 1974 kazi yangu ya kwanza, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ilikuwa katika ghala la baridi la nyama na samaki. Miaka 26 nimesukuma masanduku ndani ya chumba cha nyuzi 25 chini ya sifuri, nimevaa makoti mawili na soksi tatu. Marehemu mama yetu aliposikia habari hiyo aliniletea barua kuuliza ni kosa gani nililofanya hata Waingereza wakanifungia ndani ya barafu. Basi mwalimu wa klabu alipotafuta mtu wa kumsaidia katika masomo ya nchi za baridi, binti yangu, ambaye ni msaidizi wa darasa katika skuli hiyo, alisema, "Baba yangu baridi ndiyo iliyomlea." Nikajikuta Jumatano saa tisa na nusu alasiri nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka 7, magoti yamefika kifuani.

Watoto walikuwa 16, wa miaka 7 mpaka 10, na kila mmoja ana asili yake: Wasomali, Wayemeni, Wabengali, Wawelsh wenyewe, na hao 5 wa kwetu. Muda ulikuwa saa moja tu kwa wiki.

KWA NINI CARDIFF?

Swali la kwanza nililomuuliza mwalimu ni hili: kati ya mambo yote ya dunia, kwa nini ncha za dunia? Akanichukua mpaka Roath Park, akanionyesha mnara mweupe ulio ndani ya ziwa, mfano wa mnara wa taa za baharini. Miaka yote hiyo nimewapeleka watoto wangu kulisha mabata pale na sikujua kuwa mnara ule, uliojengwa mwaka 1915, ni wa kumkumbuka Kapteni Scott. Meli yake, Terra Nova, iliondoka bandari ya Cardiff tarehe 15 Juni 1910 ikiwa imejaa makaa ya mawe ya Wales, na bandari hiyo hiyo ndiyo iliyoipokea tarehe 14 Juni 1913, ikarudi bila ya Scott. Yeye na wenzake wanne, mmoja wao Edgar Evans kijana wa Rhossili hapa Wales, walifika Ncha ya Kusini tarehe 17 Januari 1912 wakakuta Mnorway Amundsen amekwisha kufika tangu tarehe 14 Disemba 1911. Katika kurudi wote watano walikufa kwa baridi, njaa na uchovu.

Watoto walisikiliza kisa hiki kimya. Kisha mwalimu akawaambia kuwa walipotafutwa, kando ya hema yao ya mwisho yalikutwa mawe yapata kilo 16 ambayo walikuwa wakiyakokota mpaka mwisho. Msichana mmoja wa Kisomali akauliza, "Kwa nini wabebe mawe na wao wanakufa?" Mwalimu akaeleza kuwa ndani ya mawe yale mlikuwa na alama za majani ya mti wa kale uitwao Glossopteris. Majani hayo hayo yamepatikana katika mawe ya kusini mwa Afrika na ya India. Kwa hiyo Antaktika hapo kale haikuwa jangwa la barafu, ilikuwa na misitu, nayo ilikuwa imeungana na Afrika yetu kabla nchi hazijaachana. Mtoto mmoja wa kwetu akasema, "Kumbe jirani yetu alihama!" Hapo nikajua kuwa klabu hii itakwenda vizuri.

TULIYOYAFANYA

Nawaandikia baadhi ya majaribio ili na nyinyi muyafanye nyumbani, kwani hayataki ila friza, chumvi na subira.

La kwanza ni tofauti ya ncha mbili. Wengi wetu, nami nikiwemo, tulidhani kaskazini na kusini ni mamoja. La. Kaskazini, yaani Aktiki, ni bahari iliyozungukwa na nchi, na barafu yake kubwa inaelea juu ya maji. Kusini, yaani Antaktika, ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari, yenye ukubwa wa kilomita za mraba yapata milioni 14, na juu yake barafu yenye unene wa wastani wa karibu kilomita 2. Ndiyo maana dubu mweupe na pengwini hawajuani: mmoja yuko juu ya dunia, mwengine chini. Huko Antaktika, katika kituo cha Warusi cha Vostok, tarehe 21 Julai 1983 ilipimwa baridi ya nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Watoto wakanigeukia kuniuliza kama ghala langu lilifika hapo. Nikakiri kuwa ghala langu lilikuwa mchezo.

La pili tuliliita jaribio la kanzu na buibui. Tulichukua vipande viwili vya barafu vilivyo sawa, kimoja tukakifunika kwa kitambaa cheupe cha kanzu yangu kuukuu, kingine kwa kitambaa cheusi cha buibui, tukaviweka chini ya taa kali. Cha chini ya cheusi kiliyeyuka kwanza. Hivyo ndivyo ilivyo Aktiki: barafu nyeupe hurudisha juu mwanga mwingi wa jua, lakini ikiyeyuka hubaki bahari yenye weusi, nayo hunywa joto, na joto hilo huyeyusha barafu nyingine. Bibi zetu waliovaa buibui saa sita za mchana Mkunazini walilijua somo hili bila ya kufundishwa.

La tatu ni mafuta ya nyangumi. Kitabu cha mwalimu kilisema yatumike mafuta ya nguruwe. Binti yangu akamnong'oneza, naye kwa uungwana kabisa akabadilisha, tukatumia samli ya mboga. Samli hujazwa baina ya mifuko miwili ya plastiki, mtoto hutia mkono ndani ya mfuko kisha huutumbukiza katika ndoo ya maji yenye barafu. Mkono mtupu hauvumilii dakika moja, lakini mkono wenye samli hukaa mpaka mtoto achoke mwenyewe. Hapo nilipata nafasi ya kuwaeleza watoto jambo la kwetu: nyangumi wenye nundu hula kusini karibu na Antaktika, chakula chao ni wadudu wa bahari mfano wa uduvi, kisha wakati wa kusi husafiri mpaka maji ya moto ya pwani yetu kuzaa na kunyonyesha. Wavuvi wa Kizimkazi na wa pwani ya Kenya huwaona kila mwaka, kuanzia mwezi wa Julai. Kwa hiyo nyangumi anayepita Zanzibar ametoka kwenye barafu, na samli aliyoivaa mwilini ameitengeneza kwa uduvi wa huko.

La nne ndilo walilolipenda zaidi. Wataalamu hutoboa barafu ya Antaktika kwa keekee kubwa wakatoa miche mirefu ya barafu. Theluji ya kila mwaka imelala juu ya ya mwaka uliopita, na ndani yake mna viputo vya hewa ya zama zile, kwa hiyo ukishuka chini ni kama kufunua kurasa za kitabu kuanzia mwisho. Kazi iliyokwisha mwaka 2004 ilifika barafu ya miaka 800,000, na mwezi wa Januari 2025 wataalamu wa Ulaya walitangaza kuwa wamefika mita 2,800 chini, kwenye barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2. Sisi tulitengeneza mche wetu ndani ya kopo refu: tabaka ya maji, tabaka ya ubuyu, tabaka ya majivu kuwa ndiyo volkano, tabaka ya chai, kila moja ikigandishwa kabla ya kutiwa nyingine. Watoto wakatoboa kwa mirija wakasoma "miaka". Mmoja wa kwetu, aliyewasili kutoka Pemba miezi 8 tu kabla, alisema hii ni barafu ya ubuyu aliyokuwa akimuuzia bibi yake mlangoni. Wote wakataka kuila. Mwalimu akakataza kwa sababu ya majivu.

Maswali nayo yalikuwa mengi. Walipoambiwa kuwa kwenye ncha yenyewe jua hukaa miezi 6 bila ya kuchwa, mtoto wa Kiyemeni akauliza mtu wa huko atafuturu saa ngapi. Mwalimu akanitazama mimi. Nikamjibu kuwa wanavyuoni wamelizungumza hilo, na wapo wanaosema zifuatwe saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana, na wapo wanaosema zifuatwe saa za Makka. Akaridhika. Na walipofundishwa Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Disemba 1959 na nchi 12, kuwa bara lile ni la amani na elimu tu, na madai ya nchi 7 zinazosema ni lao yamewekwa kando, mtoto mmoja akauliza kama huko kuna mtu anayeambiwa arudi kwao. Mwalimu akasema, "Huko kila mtu ni mgeni." Mimi sikusema neno, lakini nililifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani.

SIKU NILIYOKOSEA

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wiki ya tano tulifanya jaribio la bahari. Watoto walichukua trei mbili, katika kila moja wakajenga kisiwa kwa udongo wa kuchezea, wakatia maji na kuweka alama ya kalamu. Katika trei ya kwanza barafu iliwekwa ndani ya maji ielee. Katika ya pili iliwekwa juu ya jiwe, nje ya maji. Ilipoyeyuka, ile ya kwanza maji yalibaki palepale kwenye alama, kwani barafu inayoelea imekwisha kuchukua nafasi yake. Ile ya pili maji yalipanda. Hilo ndilo somo: barafu ya kusini na ya Greenland, iliyolala juu ya nchi, ndiyo inayoongeza bahari ikiyeyuka.

Yule mtoto aliyetoka Pemba, ambaye ni mjukuu wa dada yangu, alikuwa amejenga kijumba kwenye ukingo wa kisiwa chake. Alikuwa mtoto wa kimya, Kiingereza hakijamkaa vizuri, na darasani walikwisha kumdhania mzito. Maji yalipofika mlangoni mwa kile kijumba akanivuta mkono akasema kwa Kiswahili, "Babu, hii nyumba ya Bibi. Itaingia maji?"

Nikamjibu upesi upesi, "La, mwanangu. Hayo ni mambo ya trei tu. Kwetu hayafiki." Akanitazama, akanyamaza, akaanza kukusanya udongo wake.

Usiku mama yake akanipigia simu. "Mjomba, mtoto kakataa kula. Anasema Babu kamwongopea. Anasema kabla hajaja huku alikuwa akimsaidia Bibi kutoa maji ya chumvi uani wakati wa bamvua."

Jamaa zangu, niliona haya. Nyumba hiyo ndimo nilimozaliwa. Kila mwezi nampelekea dada fedha, tunaulizana afya na bei ya mchele, basi. Nikampigia asubuhi yake nikamuuliza habari za maji. Akacheka akasema, "Leo ndiyo umekumbuka? Wewe unatuma pesa, bahari huiulizi." Akanieleza kuwa minazi mitatu ya ufukweni imekwisha kuanguka, na bonde la mpunga lililo karibu na mkondo limeingiwa na chumvi hata limeachwa. Akaongeza, kwa haki, kuwa si bahari peke yake yenye makosa: watu wamechota mchanga wa kujengea na wamekata mikoko. Yeye na wanawake wenzake sasa wanaipanda upya.

Jumatano iliyofuata nilimwomba mwalimu dakika 10. Nikasimama mbele ya watoto nikasema kuwa wiki iliyopita niliulizwa swali la kweli nikatoa jibu la uongo, kwa kuwa niliogopa kumtia mtoto hofu, na kwamba hofu niliyoikimbia ilikuwa yangu mwenyewe. Kisha kwa msaada wa mwalimu nikawapa hesabu kama zilivyo. Tangu mwaka 1901 mpaka 2018 bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa sentimita 20. Tukachora kimo hicho ukutani. Sasa zinapanda yapata milimita 4 kwa mwaka, zaidi kidogo ya nusu ya unene wa penseli. Sehemu ya kupanda huko ni maji kutanuka kwa joto, na sehemu ni barafu ya nchi kavu kuyeyuka. Barafu yote ya Antaktika ikiyeyuka bahari itapanda yapata mita 58, lakini hilo si jambo la umri wetu wala wa wajukuu wao, ni la maelfu ya miaka. Jambo la umri wetu ni hizo milimita, kwa kuwa hujumlishana, na bamvua huzibeba mpaka uani kwa watu.

Nilidhani watoto watalia. Hawakulia. Walitaka kujua bibi wa Pemba anafanya nini. Yule mtoto ndipo aliposimama, mara ya kwanza tangu aje skuli ile, akaeleza kwa Kiingereza chake kidogo namna tunda la mkoko linavyochomekwa kwenye tope kama penseli, na kwamba lazima lichomekwe maji yakiwa yametoka. Alipokosa neno aliuliza kwangu kwa Kiswahili, nami nikampa, na mwalimu akaandika ubaoni maneno yote mawili, la Kiingereza na letu. Bamvua na maji mafu yako ubaoni mpaka leo.

KIJITI CHA PEMBA NA UKUTA WA CARDIFF

Tangu siku hiyo klabu ina kazi ya kudumu. Dada amesimamisha kijiti cha mkandaa mbele ya nyumba, amekitia alama za rangi, na kila bamvua hutuma picha kwa simu. Watoto wa Cardiff nao hupelekwa kwenye ukuta uliozibwa mlango wa Cardiff Bay mwaka 1999, wakatazama upande wa nje maji yanavyopanda na kushuka. Hapa tofauti baina ya maji kujaa na kutoka wakati wa bamvua hufika karibu mita 12, na Pemba karibu mita 4. Mwalimu amewaambia wazi kuwa kijiti hakiwezi kuonyesha milimita 4 za mwaka mmoja, kwani upepo na mawimbi huzificha, na kwamba wataalamu hutumia vipimo vya bandarini vya miaka mingi na vyombo vya angani. Lakini mtoto anayeandika namba kila mwezi anajifunza jinsi jambo linavyojulikana, na hilo ni kubwa kuliko jambo lenyewe.

Wapo jamaa walioniambia kuwa tunawatia watoto huzuni kwa mambo wasiyoyaweza. Jibu langu ni kisa cha ozoni. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, waliotumia vipimo vilivyochukuliwa kwa miaka mingi katika kituo cha Halley huko Antaktika, walitangaza kuwa ngao ya ozoni inapungua vibaya juu ya ncha ya kusini kila majira ya kuchipua ya huko. Sababu ilikuwa gesi za majokofu na za makopo ya kupulizia. Tarehe 16 Septemba 1987 nchi zilitia saini Mkataba wa Montreal kuzizuia gesi hizo, na ngao ile sasa inapona polepole. Nami nakumbuka mafundi walivyokuja ghalani kwetu kubadilisha gesi ya mitambo. Tulinung'unika kwa usumbufu, hatukujua tunashiriki katika kitu gani. Watoto wamelipenda sana hilo, kuwa Babu wao aliwahi kusaidia kuiziba mbingu kwa kunung'unika.

MAOMBI YANGU KWENU

Nina maombi matatu, kisha nimalize.

La kwanza, wenye nafasi Jumatano alasiri waje. Hatutaki wataalamu. Tunataka watu wazima wanaoweza kushika ndoo na kusema "sijui" bila ya kuona haya.

La pili, wazee wenye maneno ya bahari watuandikie. Watoto wetu wanajua pengwini kwa lugha tatu lakini hawajui kupwa na kujaa. Maneno hayo yana elimu ndani yake, na yakipotea elimu hiyo hupotea nayo.

La tatu ni hili la kwangu. Mtoto akikuuliza juu ya nyumba ya kwao, usimjibu kabla hujaipigia simu nyumba hiyo. Mimi nilikaa na barafu miaka 26 nikidhani naijua, na nikakaa mbali na bahari yetu zaidi ya miaka 50 nikidhani iko kama nilivyoiacha. Mtoto wa miaka 9 ndiye aliyenirekebisha, kwa swali moja.

Picha ya mwisho ya dada, iliyofika siku nilipomaliza kuandika haya, inaonyesha kijiti na nyuma yake safu ya miche ya mikoko yenye majani manne manne. Pembeni ameandika: "Mwambie Babu yake kuwa hata yeye anaweza kuja kupanda." Nimeanza kutazama nauli.

Wassalaam.